Kupiga picha ukiwa ndani ya mtumbwi: Duluti na Momella

Wengi wanaotaka kupiga picha za ndege wa majini huanza kwa kuulizia lenzi. Mimi ningeanza na mpiga kasia. Ukiwa ndani ya mtumbwi huwezi kujisogezea hatua mbili kushoto kutafuta mwanga. Anayekusogeza ni yeye, kwa hiyo nusu ya picha ni kazi yake. Kabla hamjaondoka ukingoni Ziwa Duluti, pale Tengeru karibu na Arusha, kaeni mkubaliane: jua libaki mgongoni, ndege msimwendee moja kwa moja bali kwa mshazari, na mkikaribia aache kasia, mtumbwi uteleze wenyewe. Mpange ishara za mkono pia, maana sauti juu ya maji hufika mbali. Na yeye umsikilize. Anajua furukombe, yule tai mla samaki, hupenda kutua mti gani, jambo ambalo kamera yako haijui.

Kisha upepo. Ndege akiruka huuelekea upepo. Ukikaa upande unakotokea upepo, ataruka akija kwako, macho yakionekana. Ukikaa upande wa pili utapata mkia. Furukombe ana dalili zake: huinamia mbele, hujikaza miguuni, mara nyingi hutoa kinyesi, halafu huyo! Ukiziona, kidole kiwe tayari juu ya kitufe. Kwa anayejifunza, mdiria wa rangi nyeusi na nyeupe ni mwalimu mzuri, kwa sababu husimama hewani mahali pamoja akipigapiga mabawa kabla ya kujitupa majini kama mkuki.

Tripodi iache nyumbani. Mtumbwi ukitikisika nayo inatikisika. Egemeza viwiko magotini. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, isishuke chini ya 1/1000 ya sekunde, na kwa ndege anayeruka 1/2000 ni bora, hata kama ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, itapanda na picha kuwa na chengachenga. Chengachenga zinavumilika, ukungu wa kutikisika haurekebishiki. Juani kichwa cheupe cha furukombe hutoka pichani kama doa jeupe tupu, manyoya yasionekane, kwa hiyo punguza mwanga kidogo kwenye kamera. Lenzi ya milimita 400 inatosha. Ishushe karibu na usawa wa maji, mandhari ya nyuma yatalainika yenyewe. Nenda asubuhi mapema. Kuelekea adhuhuri jua linakuwa kali mno.

Ziwa Momella Ndogo, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ni habari nyingine, maana kule kuna viboko. Kiboko akipanua mdomo watu hushangilia, wakati mara nyingi anakuonya. Usikae kamwe kati yake na maji ya kina, kwani ndiko anakokimbilia akitishika. Anaweza kuzama kama dakika tano, na akizama usibahatishe ataibukia wapi: mwongozaji akisema ondokeni, ondokeni. Picha ninayoipenda zaidi ya kiboko hupigwa kwa mbali, pale anapoibuka na kupukuta masikio, matone yakatawanyika kwenye mwanga wa asubuhi. Kwa hiyo subiri masikio, mdomo uache.

Nina msimamo mmoja ambao siulegezi. Ndege aliyekuwa akichambua manyoya yake, akiacha na kukukazia macho, mmeshafika karibu mno. Rudini nyuma. Penye kiota msisogee kabisa. Picha ya furukombe aliyetimuliwa akaacha makinda yake siitaki, na nakuomba nawe usiitake, hata kama ingependwa na maelfu ya watu.

Vaa jaketi okozi na uifunge, kamera iwe na mkanda shingoni muda wote. Maziwa ya Momella yana magadi, na ndiyo maana heroe, yaani flamingo, huyapenda: mwani wanaokula hustawi humo. Lakini tone lake likikauka kwenye kamera huacha chumvichumvi, na ukilisugua likiwa kavu linakwaruza kioo. Beba kitambaa safi chenye unyevu wa maji baridi ya kunywa, ufute kwanza kwa kugusagusa, ukaushe baadaye, mkiwa bado ukingoni.