Busta Umenunua, Simu Imegoma Kuhama

Msomaji mmoja kaniandikia kwa hasira. Kanunua busta ya waifai, kile kifaa cha kurudia mawimbi yafike mbali, kaichomeka chumbani, vimstari vimejaa, lakini video inazunguka tu. Anauliza kama kapigwa. Hujapigwa, ndugu yangu. Busta yako imekaa pabaya, na hilo nalijua kwa machungu.

Naishi Tabata, nyumba ya tofali za sementi. Faiba inaingilia sebuleni, ilipo ruta (kifaa kinachogawa waifai), na ofisi yangu iko chumba cha uani. Fundi aliyekuja kunifungia (kampuni yake siitaji) aliichomeka busta pembeni ya meza yangu ya kazi, akaona taa ya kijani, akasema, "Fulu, bosi." Nilipokaa kwenye kikao na mteja wa nje, sauti yangu ikawa inakatika kila sentensi. Kazi ikaenda kwa mwingine. Nilipompigia fundi akanishauri ninunue kifurushi kikubwa zaidi, kisha akamalizia kwamba haya mambo ni ya kitaalamu, nisijisumbue.

Basi nikajisumbua. Na leo majirani wananiita mimi, si yeye.

Busta haizalishi intaneti. Inapokea ya ruta na kuirudia. Ukiiweka penye makombo, itarudia makombo kwa sauti kubwa. Vimstari unavyoviona kwenye simu vinapima nguvu ya mawimbi kati ya simu na busta. Havikuambii busta yenyewe inaisikia ruta vipi. Tena zile za bei nafuu zenye redio moja (kipokezi na kitumaji kimoja) hupokea na kutuma kwa zamu kwenye chaneli ileile, yaani njia ileile ya mawimbi, kwa hiyo karibu nusu ya kasi inaliwa hapohapo. Nilipakua programu ya bure ya kupima waifai, nikatembea nayo nyumba nzima. Vipimo vya nguvu ya mawimbi vinasomeka kwa namba hasi za desibeli (dBm): -50 ni safi, -70 imeanza kuchoka, -80 ni jina tu. Kila ikishuka kwa 10, nguvu inabaki sehemu moja ya kumi. Pale mezani nilipofungiwa, ruta ilikuwa inasikika kwa shida. Kwenye korido, karibu na mlango wa jikoni, ilikuwa kama -60. Busta ikahamia korido, na kasi ikaonekana.

Ikabaki simu. Natoka nayo sebuleni, nafika uani, bado imeng'ang'ania ruta ya mbele kama mtoto na kanga ya mama yake. Hapa ndipo wengi wanailaumu busta bure. Anayechagua ni simu. Ikishaunganishwa na mawasiliano yakawa yanavumilika, haina haja ya kutafuta kwingine, maana kutafuta kunakula chaji. Apple wameandika wazi kuhusu iPhone: haianzi kutafuta mpaka mawimbi yashuke chini ya -70, na hata hapo haihami mpaka ipate mengine yaliyoyazidi ya sasa kwa desibeli 8 ukiwa unaitumia, au 12 ikiwa imetulia. Simu za Android zinatofautiana kwa kila mtengenezaji, lakini tabia ni hiyohiyo. Kuna ruta na busta zenye viwango vya 802.11k na 802.11v, ambavyo huipa simu orodha ya majirani na kuishauri ihame. Ni ushauri tu, simu inaweza kuukataa.

Kwa hiyo nilifanya kitu ambacho kila niliyemwambia alinicheka: nikapunguza nguvu ya ruta. Kwenye mipangilio nikaitoa juu kabisa nikaiweka ya kati. Sasa nikifika uani ruta inafifia vya kutosha, na simu inaiachia yenyewe. Jina la waifai na nywila nimeviweka vilevile kwenye ruta na busta, ili simu ivione kama mtandao mmoja. Pia angalia bendi ya gigahezi 2.4, moja ya bendi za mawimbi ya waifai: inapenya kuta vizuri kuliko ya 5, ndiyo maana simu inaweza kuing'ang'ania hata ikiwa ya mwendo wa kobe.

Vijana wenzangu tunaotafuta riziki mtandaoni, acheni kuongeza vifurushi kila mtandao ukisumbua. Pimeni kwanza. Ukiambiwa jambo ni la kitaalamu, lisome! Mtu akishajua wewe hujui, atakuuzia kifaa cha pili, na cha tatu.

Na msomaji wangu, kama chumba chako hakihami, vuta waya kutoka ruta mpaka kwenye busta. Mimi baadaye nilipitisha wangu juu ya dari. Busta nyingi zina tundu la waya na chaguo la kuacha kurudia na kupokea kwa waya. Lichague, uirudishe busta mezani kwako, na ile nusu ya kasi utaipata yote. Kwenye 2.4 weka ruta chaneli 1 na busta chaneli 6 au 11, zisiingiliane.