Ukurasa wa 17, Ubeti wa Tatu

Swali lenu la wiki hii lauliza mwandishi anapata nini akialikwa kwenye tamasha dogo la fasihi la mji wake mwenyewe. Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Langoni, Lamu, na nina kitabu kimoja tu cha tenzi. Naomba nijibu kwa lililonipata mimi.

Boksi langu la vitabu lilishushwa kwenye basi Mokowe, likavuka kwa boti, kisha likabebwa na punda kutoka gatini hadi Ngomeni. Nakala 40. Tulipewa meza uani, ndani ya ngome ile iliyomalizwa kujengwa mwaka 1821 na ambayo hadi 1984 ilikuwa jela. Utotoni tukipita hapo tulikaza mwendo. Nje, uwanjani Mkunguni, watu walikuwa tele, wengine wamezunguka bao, wengine wakingoja punda wa mashindano. Ndani tulikuwa kama thelathini, na karibu wote nawajua kwa majina ya mama zao.

Nimewahi kusoma mashairi Nairobi. Nilipigiwa makofi, nikashukuru, nikarudi nyumbani sijui kama kuna aliyesikia. Kwetu watu husikiliza utendi huku midomo yao ikicheza, wanahesabu mizani, yaani silabi za kila mstari.

Nilisoma ubeti wa nahodha wetu aliyepotea baharini. Kitabuni umechapwa hivi:

Kusi lavuma vibaya
Nahodha wetu hakuja
Tangu siku ile moja
Na mama yu dirishani.

Bibi mmoja wa makamo ya mamangu, ameketi mstari wa mbele na buibui lake, aliinua mkono kabla sijafungua ukurasa unaofuata.

"Mwanangu."

"Naam, bibi."

"Hapo umenena nini? Rejea."

Nikarudia. Akatikisa kichwa. "Siswi hunena moya. Hunena hakuya. Kina chako kimevunjika, na wewe ni mtoto wa hapa."

Uani pakanyamaza kimya. Nilijua ana haki, tena nilijua tangu siku kitabu kilipotoka. Mimi niliandika vibaya, hakuya, moya, vina vitatu vya -ya vimeshikana. Mhariri wa kitabu aliyasanifisha maneno mawili, na kwa kuwa mizani ilibaki minane kila mstari, hakuona kilichoharibika. Nami sikubisha. Nilikuwa nimengoja miaka kitabu kichapwe, nikaogopa kuonekana mtu wa matata.

Simlaumu sana mhariri. Mwaka 1928 wajumbe walipokutana Mombasa kuchagua lahaja ya kujengea Kiswahili sanifu, walichagua Kiunguja, na sanifu hiyo ndiyo iliyotusomesha sote, nami naifundisha kila siku kwa moyo mmoja. Lakini utendi ulikuwa umekwisha kukomaa kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, na lahaja jirani zake zamani sana. Mshairi Mwana Kupona alipotunga wasia kwa binti yake mwaka 1858 alikuwa na nti, ndia na moya zake, si nchi, njia na moja, na vina vyake vimesimama hadi leo. Ukimbadilishia maneno ya mwisho wa mshororo unamvunjia nyumba. Ndivyo nilivyokubali nyumba yangu ivunjwe.

Baadaye, kwenye kahawa, bibi yule aliniambia wasia huo aliupokea kwa mamake, ubeti kwa ubeti, wakichambua mtele. Hajui kusoma herufi za kitabu changu. Alinishika mkono akaniambia nimtungie mwingine, wa mamangu pale dirishani, maana yeye alimwona akingoja. Mimi nilikuwa mdogo, sikumbuki. Yeye alikuwa jirani wa mlango wa pili, anakumbuka hata rangi ya leso. Hapo nililia, na sioni haya kuandika hivyo. Je, kwenye tamasha gani lingine la dunia hii angekuwepo msikilizaji aliyemwona mtu aliye ndani ya ubeti wangu?

Siku hiyo niliuza vitabu 11. Usiku niliketi na taa na kalamu ya wino mweusi nikasahihisha 29 vilivyobaki, kimoja kimoja, maneno mawili kila kitabu. Asubuhi habari ilikuwa imezagaa mji mzima, na wanunuzi wanane wakarudi na nakala zao niwaandikie. Mmoja alimtuma mwanawe mbio kabla ya kwenda madrasa. Kitabu kikichapwa tena nitasimama na maneno yangu, nimeshamwandikia mchapishaji.

Nakala tatu zilinunuliwa na wageni waliovuka na boti ya alfajiri. Kama moja iko kwako, fungua ukurasa wa 17, ubeti wa tatu. Futa hakuja, andika hakuya. Futa moja, andika moya. Kisha usome kwa sauti.