Linux ya kuanzia kwa kompyuta ya RAM GB 4

Dada, umesema deskitopu yako ya hapo Nkuhungu ina RAM GB 4 na Windows 10 haipati tena masasisho ya kawaida tangu Oktoba 2025, we weka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure wa kuweka badala ya Windows, ile ya Xfce, yaani yenye muonekano mwepesi, achana na Arch na Kali, hizo ni Linux zisizomfaa anayeanza. Mama nimemuwekea hiyohiyo, akakuta menyu iko chini kushoto kama alivyozoea, LibreOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu kama Word na Excel, imo tayari, akaanza kuandika hesabu za alizeti zake bila kuniuliza. Faili la kusakinishia Mint ni karibu GB 3, lishushe kwa bando la usiku, lichome kwenye flashi kwa programu ya Rufus, uwashe kompyuta kutoka kwenye flashi ujaribu waifai na printa kabla hujafuta chochote. Ila picha za watoto hamisha kwanza, tena zifungue uone zinafunguka kweli, mi nilipoteza za harusi ya mdogo wangu na mpaka leo inaniuma.