Maswali na Majibu: Ufupi Si Udumavu

Swali: Mimea yangu ni mifupi mno. Niongeze mbolea gani?

Swali hili limerudi tena, na kama kawaida muulizaji hakutaja ni mmea gani wala majani yake yana rangi gani. Kabla ya kugusa mbolea, hesabu majani, kisha pima pingili, yaani sehemu ya shina iliyo kati ya fundo moja na jingine. Mmea kibete wa kurithi huwa na majani karibu sawa kwa idadi na mwenzake mrefu wa umri ule ule, ila yamebanana kwa kuwa pingili hazikurefuka, na mara nyingi kijani chake kimekolea. Uliodumaa kwa njaa au maradhi huwa na majani machache, madogo, pengine ya manjano. Huo ndio unaohitaji tiba. Ule wa kwanza utakula fedha zako bure.

Swali: Je, mmea mfupi huzaa kidogo?

Dhana hii ilipaswa kuzikwa mwaka 1966, ulipotolewa mpunga mfupi wa IR8 huko Ufilipino. Mpunga mrefu ukipewa naitrojeni nyingi hurefuka zaidi, masuke hulemea shina, nao hulala chini kabla ya mavuno. IR8 ulisimama, na chakula ambacho kingejenga shina kikaenda kwenye punje. Ngano ilipita njia hiyo hiyo kwa jeni za Norin 10, ngano fupi ya Japani, ambazo mtafiti wa ngano Norman Borlaug alizitumia Mexico. Hata hivyo ufupi una gharama ambayo wauza mbegu hawapendi kuitaja: magugu huupita mmea upesi, na mabua ya kulishia mifugo hupungua.

Swali: Nikinyunyizia jiberelini, homoni ya kurefusha shina, mmea kibete utarefuka?

Inategemea kasoro iko wapi. Njegere fupi alizozichunguza Mendel, mwanzilishi wa elimu ya urithi, hushindwa kukamilisha utengenezaji wa homoni hiyo, hivyo zikipewa hurefuka, ingawa mbegu zake zitaota fupi vile vile. Ngano yenye jeni za Norin 10 inayo homoni tele, ila haiiitikii; nyunyiza utakavyo.

Swali: Mtofaa wangu wa kubebesha uliuzwa kuwa mfupi, sasa unapita paa. Nimedanganywa?

Si lazima. Fukua udongo shinani: ikiwa kiungo cha kubebeshea, yaani mahali sehemu ya juu ilipounganishwa na shina la mti mwingine, kimefukiwa, sehemu ya juu imeshatoa mizizi yake yenyewe na haitegemei tena shina la chini lililokuwa likiufupisha.