Sibiloi huonwa ukiinamisha kichwa

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama kuna haja ya kusafiri siku tatu hadi hifadhi ya jangwani isiyo na hoteli na yenye wanyama wachache, ilhali hifadhi zenye simba na faru ziko karibu. Mimi ni mkazi wa Nakuru, na faru nimewaona zaidi ya mara moja. Hata hivyo nasema haja ipo. Hifadhi ninayoizungumzia ni Sibiloi, kaskazini kabisa mwa Kenya, ukingo wa mashariki wa Ziwa Turkana.

Nafundisha historia katika shule ya sekondari. Kila mwaka nimeandika ubaoni jina Koobi Fora, sehemu ya Sibiloi yalikopatikana mabaki ya binadamu wa kale, wanafunzi wakalinakili, kengele ikalia, nikalifuta. Nilikuwa nalifundisha kama mtu anayesoma anwani ya nyumba asiyowahi kuingia. Agosti mwaka jana mimi, mume wangu na shemeji zangu wawili tukaamua kwenda.

Lami inakufikisha Marsabit, na hapo ndipo raha ya barabara inapokwisha. Tulijaza mitungi minane ya lita 20. Tulikuwa watu wanne kwa siku tano, yaani lita nane kwa kila mtu kwa siku, za kunywa, kupika na kunawa uso. Msidhani ziwa litawaokoa. Ziwa Turkana ni kubwa, karibu kilomita 250 kutoka ncha hadi ncha, lakini maji yake ni ya magadi na ulimi unayakataa mara moja. Gari tulilokodi lilikuja na gurudumu moja tu la akiba ingawa tuliahidiwa mawili. Tulinunua la pili Marsabit kwa bei iliyotuuma, na kabla ya kufika mji mdogo wa North Horr tulikuwa tumeshalitumia.

Katikati ya safari hiyo kuna Chalbi. Hapo zamani palikuwa ziwa, sasa ni uwanda mweupe wa chumvi, tambarare hadi macho yanachoka kutafuta pa kutua. Kiangazi unapita kwa mwendo mzuri. Mvua ikinyesha, uwanda huo hugeuka tope linalomeza magurudumu, kwa hiyo Aprili na Novemba kaeni nyumbani. Kalacha tulipumzika penye chemchemi na mikoma, ngamia wa Wagabra wakinywa maji kwa zamu bila kusukumana.

Usiku wa kwanza hifadhini, Alia Bay ufukweni mwa ziwa, tulifundishwa na upepo. Ulianza jua lilipozama ng'ambo ya ziwa, ukatoka kusini-mashariki, na vigingi vya hema letu vikang'oka kimoja kimoja kwenye changarawe. Askari wa wanyamapori alikuja na tochi. Hakuuliza kitu. Alikusanya mawe makubwa, akafunga kamba za hema kwenye mawe hayo badala ya vigingi, akaugeuza mlango mbali na upepo. Kisha akatuambia tukung'ute viatu kila asubuhi kabla ya kuvivaa, kwa sababu ya nge, na tusitembee gizani bila mwanga, kwa sababu ya nyoka.

Kesho yake alfajiri tuliendesha hadi chini ya mlima Sibiloi, tukaacha gari, tukaingia kwa miguu pamoja na askari huyo, kijana wa Kigabra aliyekulia upande wa North Horr. Kokoto ikaniingia kiatuni, nikaketi juu ya gogo nivue. Gogo likanigandisha kwa baridi. Nikaweka kiganja: lilikuwa jiwe. Lakini lilikuwa na mistari ya mbao, lilikuwa na pete za ukuaji ambazo ningeweza kuzihesabu kwa ukucha, na ubavuni palikuwa na jicho la tawi lililovunjika. Mamilioni ya miaka iliyopita mti huo ulianguka ukafunikwa na matope, maji yenye madini yakapenya ndani yake taratibu, yakachukua nafasi ya mbao chembe kwa chembe. Magogo ya namna hiyo yametapakaa pale mahali pasipo na kivuli cha mti hai.

"Mwalimu," kijana akaniambia, "ukitazama mbali hapa utachoka bure. Tazama miguuni pako."

Nikatazama. Siku tatu zilizofuata sikuacha. Kilomita kadhaa kutoka ufukweni tulikanyaga makombe na mifupa ya samaki, kwa sababu takriban miaka 10,000 iliyopita ziwa lilikuwa juu zaidi na maji yake yalitiririka hadi Mto Nile. Leo halina pa kutokea; maji huingia tu, na huondoka kwa kukaushwa na jua. Choroa na punda milia tuliwaona pia, kwa mbali, wachache. Wanatosha.

Koobi Fora penyewe ni ulimi wa mchanga unaoingia ziwani, na bara yake ni vilima vilivyoliwa na mvua na upepo. Visukuku vingine, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, vimeachwa palepale vilipopatikana na kujengewa vibanda: tembo wa kale, kobe mkubwa kupindukia, mamba. Lakini aliyenishika ni mtu. Mtafiti Richard Leakey alianza kutafuta visukuku hapo mwaka 1968, na jina lake lipo katika kila kitabu cha shule. Hata hivyo fuvu maarufu la binadamu wa kale linaloitwa 1470, la karibu miaka milioni mbili, lilionwa kwanza mwaka 1972 na Mkenya aitwaye Bernard Ngeneo. Hakukuta fuvu zima. Alikuta vipande vidogo vya mfupa kwenye mteremko uliomomonyoka, rangi yake haitofautiani sana na ya kokoto, na vilipochekechwa na kuunganishwa vilizidi 150. Nilisimama kwenye mteremko wa aina hiyo saa tatu asubuhi, jua likinipiga kisogoni, nikajaribu kutenganisha mfupa na jiwe. Sikuweza. Nimefundisha miaka mingi bila kulitaja jina la Ngeneo, na hilo nimelirekebisha.

Shemeji yangu aliokota kipande cha jiwe chenye mistari akataka kukiweka mfukoni. Kijana alimwomba akirudishe, tena upande uleule uliokuwa juu. Sheria ya mwaka 2006 inakataza kuondoa vitu vya kale bila kibali, lakini yeye hakutaja sheria. Alisema mtafiti akikuta kitu kimehamishwa hawezi tena kujua kilitoka tabaka gani la udongo.

Sababu nyingine ya kwenda ni kwamba mahali hapa pana tishio. Mto Omo kutoka Ethiopia ndio unaoleta sehemu kubwa kabisa ya maji ya ziwa, na tangu bwawa la Gibe III lijengwe kwenye mto huo, mtiririko wake wa msimu umebadilika. Mwaka 2018 UNESCO iliiingiza Sibiloi na hifadhi za visiwani katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini. Wakenya ambao hawajawahi kulitia macho ziwa hili watalitetea vipi?

Kwa wanaotaka kwenda: ulizeni Marsabit hali ya usalama kabla ya kuendelea, kwani ugomvi wa malisho na maji hutokea. Nendeni na magari mawili mkiweza. Tembeeni tangu mapambazuko hadi saa nne, kisha lazeni mwili kivulini mpaka saa kumi. Msiende kwa siku moja ya kupiga picha. Siku ya kwanza macho bado hayajazoea kusoma ardhi.

Sisi tunarudi Agosti hii. Mume wangu ameshashona mifuko minane ya turubai ya kujaza mchanga, ya kushikilia hema.