Makampuni yalifuata nini kule Whitefield?

SWALI: Habari zenu wahariri, mdogo wangu kapata kazi ya programu Bengaluru, India, ofisi iko sehemu inaitwa Whitefield. Nimecheki ramani naona iko pembeni kabisa ya jiji, sasa ilikuwaje makampuni yakajazana huko? Na dogo apange wapi?

JIBU: Mpe dogo hongera. Whitefield ni ya kitambo, ilianza 1882 mfalme wa Mysore alipowapa ardhi machotara wa Kizungu na Kihindi wakalime, na jina limetoka kwa kiongozi wao, bwana White. Baada ya hapo ni kijiji tu, zaidi ya miaka 100.

Mambo yakabadilika India ilipolegeza masharti ya uchumi 1991. Makampuni ya nje yakawa yanatafuta mainjinia na Bengaluru walishajaa, maana Indian Institute of Science iko pale tangu 1909, kuna HAL wanaounda ndege, kuna ISRO wa mambo ya anga. Shida ilikuwa umeme kukatikakatika na mawasiliano ya kusuasua. Ndo serikali ya jimbo lenyewe la Karnataka, kampuni ya Tata na wawekezaji wa Singapore wakaungana 1994 wakajenga bustani ya teknolojia, yaani eneo moja la ofisi za makampuni ya kompyuta, huko Whitefield kwenye ardhi ya kumwaga, na ujanja wao mimi naona ulikuwa hapa: hawakusubiri jiji liwaletee huduma, wakajiwekea mtambo wao wa umeme humohumo ndani ya uzio. Kampuni inahamia leo, kesho kompyuta zinawaka. Wengine wakafuata mkumbo.

Nje ya geti sasa, hapo ndo kasheshe. Ofisi na maghorofa yaliota haraka kuliko barabara na mabomba, foleni usiseme, na watu wengi wanaishi kwa visima na maboza. Mwaka 2024 visima vingi vya jiji vilikauka, hata mwenye hela akawa anagombania boza. Metro yenyewe, treni ya mjini, ilifika Machi 2023 ikiwa na pengo katikati, unashuka treni unadandia basi halafu unapanda treni tena, mpaka Oktoba ndo wakaunganisha.

Kwa hiyo dogo asidanganyike na kilomita za kwenda ofisini, kilomita tatu za kule zinaweza kumla saa nzima jioni. Atafute chumba karibu na stesheni ya metro ya laini ya zambarau, hiyo inayofika Whitefield, na kabla hajalipa kodi amuulize mwenye nyumba maji ni ya bomba la mto Cauvery, kisima au boza, na kama ni boza nani analipia.