Mashua Ndogo Ikigusa Fungu la Mchanga, Uliza Maji Kwanza

Mashua ndogo ya tanga yenye kijumba cha kulala, ile ya mita 5 hadi 7, huundwa kwa ajili ya kupita pasipopitika na jahazi: nyuma ya miamba, ndani ya hori, kwenye vijito vya mikoko. Anayesafiri nayo atagusa chini siku moja, na hilo halina aibu. Chombo huharibika zaidi kwa pupa ya dakika 10 za mwanzo kuliko kwa kugusa kwenyewe.

Uliza hivi: maji yanajaa au yanapwa? Kama yanajaa na hakuna mawimbi, shusha tanga, tupa nanga, subiri. Kama yanapwa, kila dakika ina thamani. Chukua siku ya bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huko Unguja, tofauti kati ya kujaa na kupwa ikiwa mita 3.6. Igawe sehemu 12: saa ya kwanza hushuka sehemu 1, ya pili 2, ya tatu na ya nne 3 kila moja, ya tano 2, ya sita 1. Katikati ya kupwa, basi, maji hukimbia sentimita 90 kwa saa. Ukibishana na mwenzako dakika 10, sentimita 15 zimekwenda.

Legeza demani, kamba inayoongoza tanga, mara moja ili upepo usizidi kukupandisha. Vuta juu ubao wa kati, ule unaoshuka chini ya chombo kupitia kasha lake, kisha usukani, kwa sababu bawaba za usukani huvunjika chombo kinaporudi kinyumenyume. Mashine izime kama mdomo wake wa maji uko karibu na chini. Itanyonya mchanga na kuua pampu. Halafu shukeni. Mashua ya mita 5.5 huzama takriban sentimita 1 kwa kila kilo 60, kwa hiyo watu wazima wawili wakiteremka inainuka zaidi ya sentimita 2, na kwenye mchanga hizo mara nyingi zinatosha. Vaa viatu, buruza miguu ili samaki taa wenye miiba wakimbie, kisha sukuma omo, yaani sehemu ya mbele, kwa bega kuelekea ulikotoka.

Watu wengi hukosea kwenye kuinamisha chombo. Mashua yenye mkuku (uti wa chini ya chombo) mmoja mrefu ikilazwa upande hupunguza kina chake, basi watu wakae ubavu mmoja, au wening'inie kwenye foromali, mti unaobeba tanga, iliyotolewa nje. Yenye mikuku miwili ni kinyume kabisa: ukiilaza, mkuku mmoja unazama zaidi na unajikita. Hiyo iache wima. Jua chombo chako ni cha aina gani kabla hujaondoka ufukweni.

Ikikataa, peleka nanga ya pili kwenye kina. Nanga ya kilo 5 au 6, mnyororo mita 3 na kamba mita 30 ya milimita 12 zinatosha. Iweke juu ya maboya au jaketi mbili za kujiokolea, ogelea nayo, idondoshe, kisha vuta kamba kila wimbi linapoinua chombo.

Kwenye matumbawe usivute kabla ya kuangalia ngama, sehemu ya chini ndani ya chombo, kama maji yanaingia. Chombo kilichotoboka kikiwa juu ya mwamba kina pa kuegemea. Ukikivuta kwenye kina kinazama. Ziba kwanza kwa kitambaa chenye mafuta mazito na kipande cha ubao, au deheni, mafuta ya kuzibia na kupaka vyombo, kama ipo.

Maji yakishakupwa ukabaki mkavu kabisa, amua wewe kitalalia upande gani. Kilale kuelekea sehemu ya juu ya fungu, maji yakirudi yakiinue kabla ya kuingia ndani. Tandika magodoro na maboya chini ya ubavu, funga valvu, madirisha na gesi ya jiko, na uache ile nanga ya pili imekaza.

Hatari kubwa ni kukwama maji yakiwa yamejaa kabisa kwenye kilele cha bamvua. Kila mjao unaofuata utakuwa mdogo zaidi, na huenda ukangoja karibu wiki mbili. Pwani yetu bamvua hujaa karibu saa 10, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu saa 4. Kila siku husogea mbele kama dakika 50. Kwa hiyo pita sehemu nyembamba kama Mkanda, mlango wa bahari huko Lamu kati ya kisiwa cha Manda na bara, maji yakiwa bado yanajaa. Jua liwe juu, si usoni, ndipo utaona rangi ya kahawia ya mwamba. Upondo, mti mrefu wa kusukumia na kupimia kina, uupake alama za rangi kila sentimita 10.

Ukishaelea, jaribu ubao wa kati kabla ya kupandisha tanga. Kokoto hukwama ndani ya kasha lake. Tundu dogo lenye kizibo juu ya kasha hukuwezesha kuusukuma chini kwa nondo, ukiwa ndani ya mashua.